Herufi Chini ya Koili

Mwezi uliopita nilistaafu, na baada ya kustaafu nilihamia kwenye kiti kile kile cha sebuleni nilichokuwa nakikalia kila nikitoka kazini. Mtu wa aina yangu hastaafu sawasawa, anaongezewa tu saa za kukaa nyumbani. Wenzangu wa dukani waliniaga kwa soda na keki, wakasema, "Mama Doto, tuandikie uliyojifunza miaka yote ya kuuza spea." Nadhani walisema kwa adabu. Wamejikaanga wenyewe, maana mimi nikipewa daftari nalijaza.

Habari za vyeo sitaandika, kwa kuwa cheo changu cha kwanza na cha mwisho kilikuwa karani wa stoo. Nitaandika ya kazi yenyewe, na hasa ya gari moja lililoninyima usingizi.

Nilianzia karakana ya chama cha ushirika hapa Bariadi, ile iliyokuwa ikitengeneza malori ya pamba. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne na matokeo ambayo baba aliyasoma, akayakunja, akayatia mfukoni. Karakana walinichukua kwa sababu nilijua kusoma vitabu vya namba za spea vilivyoandikwa Kiingereza. Mimi niliwakubalia kwa sababu stoo ilikuwa ndani, ina kivuli, na ina kiti. Tangu utoto sipendi kwenda mbali. Wenzangu wakifurahia safari, mimi nafurahia safari ikiahirishwa.

Siku ya kwanza alikuja dirishani fundi mmoja wa makamo, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Huyo ndiye Mzee Mabula, mwalimu wangu wa kazi hii.

"Mwangaluka," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka mhola, baba."

"Niletee lota."

Nikafungua kitabu, nikaenda kwenye herufi L. Nikatafuta lota. Nikapitia ukurasa baada ya ukurasa, jasho likinitoka, nikijua hii ndiyo siku ya kwanza na ya mwisho ya ajira yangu. Mwisho akaingia mwenyewe stoo, akachukua kitu mbele ya pua yangu.

"Hii ni nini?"

"Rota, baba. Ya distributa."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Tangu siku ile nikawa mkalimani wake. Mzee Mabula hakuwahi kutamka R maishani mwake. Rejeta kwake ilikuwa lejeta, redio ilikuwa ledio, na mkewe Rehema alikuwa Lehema hata mbele ya padri siku ya ndoa yao. Nisimcheke sana, maana sisi Wasukuma wengi tuna ugonjwa huo, na mimi mwenyewe niliwahi kubandika kwenye kabati kibao kikubwa cha "SPEA ZA RORI NA RANDROVA" mpaka meneja akaita watu waje kukitazama. Baada ya aibu ile nikajifunza kwa nguvu. Nikawa mtu wa kusahihisha wenzake, na niliona fahari kwa hilo. Fahari hiyo muikumbuke.

Miaka ile ya mwanzo spea hazikuwepo. Nililinda stoo iliyojaa rafu tupu na leja iliyoandikwa vizuri sana. Kazi ya kweli aliifanya Mzee Mabula. Gasketi alikata kwenye katoni. Pointi za distributa, kile chombo cha kugawa umeme kwa plagi, alizipiga msasa mpaka zikawa nyembamba kama kucha. Fila, zile bapa za chuma za kupimia nafasi ya plagi, zilipopotea alipimia wembe. Na kila gari lililopita mikononi mwake lilitoka na siri moja chini ya boneti: waya uliorukishwa hapa, kijiti cha mti kule. Siri hizo hazikuandikwa kwenye kitabu chochote. Zilikuwa kichwani mwake, naye hakuzisema mpaka aulizwe.

Halafu ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yao, karakana ya ushirika ikasinyaa, na mimi nikawa kati ya waliopunguzwa. Nilikaa nyumbani wiki tatu, nikiwa na hofu kwamba nazipenda. Ndipo Bwana Salimu, mfanyabiashara aliyekuwa na duka karibu na soko, akaja kuniambia ameleta spea kutoka Mwanza na hajui kilichomo kwenye nusu ya maboksi. Mzee Mabula naye akaweka benchi lake la ufundi nyuma ya duka hilo hilo. Nikarudi kwenye kiti.

Hapo kazi ikageuka. Zamani mteja alitaka plagi, ukamwambia hakuna, mkaagana vizuri. Sasa plagi zilikuwa za aina tatu, na mbili kati ya hizo zilikuwa zinadanganya. Mteja anasimama mbele yako anasema, "Nipe orijino, lakini ile ya bei nafuu." Vijana, haya ndiyo niliyojifunza kwa hasara za watu wengine. Boksi usiliamini. Toa plagi, itazame kauri yake kama ni laini na maandishi hayafutiki kwa kidole kilicholowa. Pima uzito kwa mkono. Angalia nyuzi za skrubu. Kondensa usimpe mtu ya ovyo hata akikubembeleza, kwa kuwa ni ndogo kama kidole gumba na inaweza kulaza gari porini. Kifuniko cha distributa kisafishe kwanza, ukitazame juani. Kama hakina ufa, mwache mteja arudi nacho. Kabureta ioshwe kabla ya kubadilishwa chochote. Mwenye uwezo mdogo akisikilizwa vizuri anaondoka na vitu vinne na gari linawaka, wakati mwenye kiburi anaondoka na vitu kumi na gari linasukumwa.

Sasa niwalete kwenye gari lenyewe.

Mwalimu Shigela alifundisha Kiingereza sekondari. Alikuwa na gari la michezo la zamani, la Kijapani, milango miwili, jekundu lililopauka likawa rangi ya tofali. Aliachiwa na meneja wa kiwanda cha kuchambua pamba aliyehama, na nadhani aliachiwa kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka. Lilikuwa chini sana, na bapa mbele. Mvua zikianza, kwenye udongo wetu mweusi wa mbugani, liliteleza kwa tumbo. Mji mzima uliliita Kambale.

Siku moja ya kiangazi alikuja dukani amekunja uso. Alisema anataka kulifanyia tyuni ya nguvu. Akanionyesha karatasi yenye orodha: plagi za mbio, chujio kubwa la hewa linalong'aa, jeti kubwa za kabureta.

"Mwalimu, unakwenda kushindana na nani?" nikamuuliza. "Na ng'ombe wa mnadani?"

"Nakwenda Shinyanga."

"Shinyanga barabara ni matuta. Plagi za mbio zinataka moto wa mbio ndio zijisafishe. Kwa mwendo wako zitashika masizi kabla hujafika Maswa. Na chujio hilo linaloning'inia wazi litakunywa vumbi la wilaya nzima."

Kwa kawaida angebishana, kwa kuwa walimu hubishana. Safari hii alikaa kwenye katoni ya mafuta ya breki, akaniambia ukweli.

Mama yake, Bibi Milembe, alikuwa akiishi kijijini Nkoma. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunga macho yote mawili, mwaka wa nne huo. Alikuwa bado anapalilia pamba kwa kupapasa, na kila msimu alikata miche mingi kuliko magugu. Mara mbili mwanawe alipata nafasi hospitali ya mkoa, maana wakati ule sisi tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na mara mbili mama aligoma. Sasa walikuwa wanakuja madaktari wa macho kwa siku chache tu, upasuaji Jumatatu asubuhi, na jina lake lilikuwa kwenye orodha. Mama alikuwa amekubali, kwa sharti.

"Sharti gani?"

"Nimpeleke mimi mwenyewe, kwa gari langu. Na gari likizima njiani hata mara moja, anashuka na kurudi Nkoma. Anasema hapo atajua amekatazwa. Na hataki kuulizwa tena mpaka afe."

Nilitazama ile orodha yake ya mapambo nikaona aibu kwa utani wangu. Nikachukua kalamu nikafuta yote.

Tulianza upya, mimi, yeye na Mzee Mabula, tukiwa tumeinamia boneti nyuma ya duka. Uwezo wa mwalimu ulikuwa wa mwalimu. Kwa hiyo plagi nne za kawaida, nzuri, nilizochagua moja moja kama mayai. Pointi na kondensa mpya. Rota mpya. Kifuniko kile kile, kilikuwa kizima. Nyaya za plagi tulibadili mbili zilizopasuka. Chujio tulilipiga upepo. Kabureta ikaoshwa. Ikabaki koili, lile kopo linalokuza umeme wa betri mpaka uwe cheche za plagi.

Koili ya zamani ilikuwa inavuja mafuta, isingefika. Bwana Salimu alikuwa ameleta koili mpya za bei nafuu, na kwa mara ya kwanza zilikuwa nzuri kweli. Zilikuwa za aina mbili zinazofanana kama mapacha wangu, tofauti ikiwa herufi moja iliyogongwa kwenye kitako. Yenye R ilitakiwa ifungwe pamoja na rezista, kile kipande cheupe cha kauri kinachopunguza umeme kabla haujaingia. Yenye L ilijitosheleza, inakula umeme wote wa betri bila shida. Ukiweka ya R mahali pasipo na rezista, gari litawaka vizuri sana, halafu koili itachemka, na ikichemka cheche inapotea na gari linazima. Ikipoa linawaka tena na kukupa matumaini ya uongo.

Nikiwa ndani nikapaza sauti, "Mzee, koili ipi?"

Naye akiwa ameingiza kichwa kwenye injini akajibu, "Ya eli!"

Shuleni sisi tulifundishwa kuzitaja herufi hizo eli na eri. Mzee Mabula, mnamfahamu sasa, kwake zote zilikuwa eli. Kwa hiyo alichosema kingeweza kuwa hiki au kile, na kulikuwa na hatua sita kutoka kwenye kiti changu mpaka alipokuwa. Hatua sita, vijana. Sikuzitembea. Nilifungua kitabu cha gari lile, nikaona kiwandani lilifungwa koili ya rezista. Nikajiambia: mzee anataka kusema R, kama kawaida yake, na kitabu kinasema R. Nikamsahihisha kimoyomoyo, nikatabasamu, nikatoa boksi la R. Yeye macho ya karibu yalishaanza kumwacha na maandishi ya kitako hakuyaona. Aliniamini, akaifunga, kitako kikamezwa na klampu ya kuishikilia.

Injini iliwaka kama cherehani. Wakalizungusha gari mpaka sokoni na kurudi. Mwalimu alishuka akanishika mikono yote miwili, mimi nikasema si kitu.

Jumamosi Bibi Milembe aliletwa kutoka Nkoma kwa mkokoteni wa ng'ombe. Alikuwa mama mwembamba, mrefu, fimbo mkononi, na macho meupe kama maziwa. Akaongozwa mpaka barazani kwetu.

"Wewe ndiye unayechagua vyuma?"

"Ndiyo, mayu," nikamjibu, kama tunavyowaita mama zetu.

"Unachagua kama mtu anayechagua mchele, au kama mtu anayechagua mume?"

"Kama mchele, mayu. Kwenye mume sikupata muda wa kupeta."

Alicheka, kisha akaacha ghafla. "Nilikwisha kuzoea giza. Huyu mtoto ndiye hajazoea. Haya, tutaona kama hicho chuma kimeruhusiwa."

Kesho yake, Jumapili, alitaka wapite kanisani kwanza. Baada ya misa tukawasindikiza uwanjani. Mwalimu alivaa shati jeupe la kubana shingo, anatokwa jasho kabla ya jua. Mama akaketi mbele, fimbo katikati ya magoti. Kambale likaondoka na njia ya Maswa, likituachia vumbi. Mimi nikaenda nyumbani nikabandika maharage.

Mzee Mabula alipita kunisalimu, kama alivyozoea, na kusubiri chai. Akakaa, akanyoosha mguu wake mmoja, uliokuwa haukunjiki sawasawa.

"Watafika," akasema. "Ile koili ni nzuli. Nilipenda umenipa ile ya eli."

"Si uliisema mwenyewe, ile ya rezista."

Akaweka kikombe chini. "Lezista gani?"

"Ya kwenye kitabu. R. Inayokwenda na rezista."

"Ng'wana Limbu," akasema polepole, akiniita kwa jina la baba yangu, jambo alilofanya tu mambo yakiwa mabaya. "Kambale halina lezista. Ilivunjika wakati wa uhaba. Nililusha waya mimi mwenyewe, hata yule meneja wa kiwanda hakujua. Ndiyo maana nikasema eli. Eli! Ya lamba, ya limao!"

"Mzee, kwako hata Rehema ni ya limao!"

Hatukucheka. Nilisikia maharage yakichemka, na katika kichwa changu koili nayo ikichemka. Nilianza kupiga hesabu ya barabara: mpaka Lagangabilili itakuwa vuguvugu, baada ya hapo haishikiki. Mama atasema amekatazwa, atashuka, na atakaa gizani maisha yake yote yaliyobaki kwa sababu mimi sikutembea hatua sita.

"Nenda," akasema Mzee Mabula.

"Mimi?"

"Mimi na mguu huu nipande pikipiki ya Salimu? Nenda. Spana namba kumi, bisibisi, kipande cha msasa. Fungua klampu, hamisha nyaya mbili na ule mnene wa katikati. Kumbuka upi ulikuwa wapi. Pointi zipige msasa, zitakuwa zimeungua."

Sikuwa nimewahi kushika spana kwa kazi. Nilizijua kwa namba tu, kama mtu anayejua majina ya samaki hajawahi kuingia majini. Nilimwachia mzee chungu, nikakimbia dukani na kitenge changu cha kanisani. Bwana Salimu alikuwa amefungua, Jumapili yake ilikuwa ya kazi. Nilipomwambia, hakuuliza mara mbili. Akafunga duka, akawasha pikipiki.

"Shika kiuno, Mama Doto, usiwe na haya. Ukidondoka nitamwambia nini Baba Doto?"

"Mwambie maharage yako kwa Mabula."

Sitaandika yote kuhusu barabara ile, kwa sababu sehemu kubwa nilikuwa nimefumba macho. Koili ya L niliifunga kifuani kwa ncha ya kitenge kama mtoto mchanga. Kila tulipopanda kilima niliomba tusiwaone, na kila tulipokishuka niliomba tuwaone. Tulipita Lagangabilili hatukuona kitu. Nikaanza kuwa na tumaini kwamba labda nimekosea kuhusu kukosea.

Halafu Bwana Salimu akapunguza mwendo.

Mbele yetu, katikati ya barabara, Bibi Milembe alikuwa anakuja kwa miguu. Anarudi. Fimbo inapiga chini kulia, kushoto, kulia, shingo ameinyoosha. Nyuma yake mwalimu, shati limelowa, mara anamfuata, mara anamtangulia kinyumenyume akimsihi. Kwa mbali nyuma yao Kambale, boneti limefunuliwa.

Nilishuka nikamkimbilia.

"Nani huyo?" mama akauliza, akasimama.

"Ni mimi, mayu. Wa dukani. Wa mchele."

"Umechelewa. Limezima. Nimekatazwa, narudi kwangu."

"Hujakatazwa, mayu. Nimekosea mimi. Nilitoa koili siyo. Mzee alisema eli, mimi nikachukua eri."

"Eli na eli?"

"Eli na eri, mayu."

"Ndiyo nasema. Eli na eli. Sasa kosa liko wapi?"

Mwalimu akadakia, "Mayu, hizo ni herufi mbili tofauti, moja ulimi unatetemeka..."

"Wewe nyamaza, hapa si darasani." Akanigeukia, au akageukia sauti yangu. "Ngoja nielewe. Hicho chuma kimezimwa na nani?"

"Na mimi."

"Si Mungu? Si wazee wangu?"

"Hawahusiki kabisa, mayu. Ni mimi peke yangu. Nilikuwa nimekaa, nikaona uvivu kuinuka kwenda kuuliza."

Akaegemeza fimbo begani. Kisha akanyoosha mkono, akanipapasa bega, mkono, na kiuno, bila haraka, kama mtu anayekadiria ng'ombe.

"Una ukubwa gani wewe, hata unizuie mimi?"

"Mkubwa, mama," akajibu Bwana Salimu kutoka kwenye pikipiki. "Tairi langu la nyuma linajua."

Mwalimu alitoa sauti nusu kicheko nusu kilio. Mama hakucheka.

"Mungu akinizuia, narudi," akasema. "Lakini kuzuiwa na karani, hapana. Tengeneza. Na utapanda na sisi mpaka Shinyanga. Likizima tena, nataka niwe na mtu wa kumshika."

Nilifungua klampu. Bisibisi ilinianguka mara mbili mchangani. Koili ya R ilikuwa ya moto hata nikaitoa kwa kukunja kitenge. Nikatazama kitako chake, herufi ikanitazama. Nikafunga ya L, waya huu hapa, ule pale, mnene katikati, nikisema kwa sauti kama mtu anayesali rozari. Pointi zilikuwa zimeungua rangi ya bluu, nikazipiga msasa. Mwalimu akazungusha ufunguo. Likakohoa. Likakohoa tena. Likawaka.

Bwana Salimu alikuwa amekwisha kugeuza pikipiki. "Nimwambie nini Baba Doto?"

"Mwambie narudi."

"Nitamwambia umetoroka na mwalimu. Itamwingia haraka zaidi."

Gari lile lina kiti cha nyuma kilichotengenezwa kwa ajili ya mkoba. Niliingia humo magoti yakinigusa kidevu. Mwisho wa dunia yangu ulikuwa Nyalikungu, pale Maswa, kwa dada yangu. Tulipoupita mtaa huo nilitazama nyumba ya dada kwa nyuma kama mtu anayevuka mpaka bila karatasi. Kila lilipotokea bonde nilimsimamisha mwalimu nikashuka kuigusa koili. Alipinga kwamba tukizima kwa hiari mama anaweza kuhesabu kwamba limezima. Basi tukawa tunasimama injini ikiunguruma, mimi nanyoosha mkono chini ya boneti, narudi, nasema, "Vuguvugu," na mama mbele anarudia, "Vuguvugu," kama anaitikia kanisani. Tulifika jua likiwa bado juu.

Jumatatu wakamfanyia jicho moja. Sisi wawili tulikaa kwenye benchi la nje, mwalimu akisahihisha madaftari ya wanafunzi bila kugeuza ukurasa. Nililala siku mbili kwa watu nisiowajua, na kitenge kimoja, nikiwa na hakika kwamba nyumba yangu imeungua. Jumanne asubuhi wakafungua bandeji.

Daktari alimwonyesha mama vidole, naye akavihesabu. Kisha akaomba mwanawe asogee. Alimtazama muda mrefu, akamshika nywele za pembeni zilizoanza kuwa nyeupe.

"Nilikuacha ukiwa kijana," akasema.

Mwalimu alitoka nje kwa haraka, akasema anakwenda kulitazama gari.

Daktari alipomruhusu tulimtoa mpaka uwanjani, mimi nimeshika mkono mmoja. Alikuwa anatazama kila kitu: paa, nesi, mbuzi aliyekuwa anakula karatasi. Mwalimu akafungua mlango wa Kambale. Bibi Milembe akasimama.

Alilitazama kuanzia taa mpaka nyuma. Alitazama kutu ya mlangoni, na waya uliofunga bampa. Akainama akatazama nafasi iliyopo kati ya tumbo la gari na ardhi, ambayo hata kuku mnene angeiingia kwa shida. Akanigeukia.

"Hiki ndicho?"

"Ndicho, mayu."

"Nilikaa humu? Kutoka Bariadi?"

"Na ulikaa vizuri."

Aliketi kwenye kiti chake polepole, akaweka fimbo katikati ya magoti. Mwalimu akaingia, mimi nikajikunja nyuma. Kabla injini haijawaka mama alifumba lile jicho lake jipya, akalikaza mpaka kope zikakunjamana.

"Nilikuja humu nikiwa sioni, sikuogopa," akasema. "Nitarudi hivyo hivyo. Mkifika Nkoma mniambie."

Hatukubishana naye. Gari likawaka, likatoka getini, na mimi kule nyuma nikafumba yangu mawili.